Viza imekubaliwa, abiria amezuiwa: uchambuzi wa kisa cha ombi la mtandaoni

Ndugu wawili, dada mkubwa na mdogo wake wa kiume, walipanga kwenda nje ya nchi kutembea kwa wiki mbili. Nchi waliyokuwa wanaiendea haibandiki tena viza kwenye pasipoti za watalii wa uraia wao. Mtalii anaomba mtandaoni, analipa kwa kadi, na kibali kinamfikia kwa barua pepe. Wote wawili waliomba wiki tatu kabla ya safari, na wote wawili walikubaliwa. Siku ya kuondoka, mdogo alipewa pasi ya kupandia ndege bila swali lolote. Dada alizuiwa kaunta, na ndege ikaondoka bila yeye.

Majina yao na nchi yenyewe nimeviacha, maana jambo hili linaweza kumpata mtu yeyote anayeomba kwa njia hii. Kilichonifanya nikae na karatasi zao muda mrefu ni kwamba kisa chenyewe kimejiwekea kipimo: uraia mmoja, safari moja, ndege moja, matokeo tofauti. Kilichotofautiana ni namna kila mmoja alivyoomba.

Kaunta

Mhudumu wa shirika la ndege aliweka pasipoti ya dada kwenye mashine ya kusomea, akasubiri, akaiweka tena. Kisha akaomba karatasi ya viza. Ilikuwa karatasi halali kabisa. Ilikuwa na picha yake, majina yake yote, tarehe yake ya kuzaliwa, na msimbo wa kuskani pembeni.

"Dada, nisomee namba ya pasipoti yako polepole, mimi nafuatisha kwenye karatasi."

Walisoma pamoja. Kwenye alama ya tatu wakasimama. Pasipoti ilikuwa na sifuri. Karatasi ya viza ilikuwa na herufi O.

Dada akafanya ambalo karibu kila mtu angelifanya. Alionyesha kwamba sura ni yake, jina ni lake, tarehe ni yake, na kwamba duara moja haliwezi kumgeuza mtu mwingine. Akaomba msimamizi. Msimamizi akaja, akasema yaleyale. Karibu saa nzima ikaishia hapo, saa ambayo ingefaa sana kutumika kwa kazi nyingine nitakayoieleza mbele. Namwonea huruma kwa moyo wote, lakini mhudumu alikuwa sahihi, na sababu zake zinastahili kuelezwa, kwa kuwa watu wengi huichukulia kaunta ya ndege kuwa mahali pa kujitetea.

Usafiri wa ndege wa kimataifa unaongozwa na Mkataba wa Chicago wa 1944. Kiambatisho cha 9 cha mkataba huo kinayataka mashirika ya ndege yahakikishe, hapo abiria anapopandia, kwamba ana hati zinazotakiwa aendako. Nchi nyingi hulitoza shirika faini likimleta abiria asiye na hati sahihi, na shirika hilohilo ndilo linalopaswa kumrudisha alikotoka. Ndiyo maana kaunta zinatumia Timatic, kanzidata ya IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) yenye masharti ya kuingia kila nchi. Na ndiyo maana nchi nyingi hutaka zitumiwe taarifa za abiria kabla ndege haijaruka. Kwa baadhi ya nchi mfumo hujibu papo hapo: huyu apande, huyu asipande.

Taarifa zinazotumwa zinatoka kwenye ile mistari miwili iliyo chini ya ukurasa wa picha, ambayo mashine inaisoma. Mfumo wa nchi ile ulipewa namba yenye sifuri, ukatafuta kibali chenye namba hiyo, haukukiona. Kibali kilichokuwepo kilifungwa kwenye namba nyingine. Mhudumu hakuwa na kitufe cha kusema "ni yeye, namwona". Angempandisha, huenda angezuiwa na Uhamiaji upande wa pili na kurudishwa, jambo ambalo lina uzito kuliko kukosa ndege.

Kila mmoja alivyoomba

Mdogo alianzia kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya nchi ile, akafuata kiungo hadi kwenye mfumo wa viza, akafungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe. Fomu ilimchosha. Ilikuwa na kurasa nyingi, na alipoinuka kutafuta anwani ya hoteli ikamtoa nje, ikambidi aingie upya. Lakini hatua moja ilimwokoa bila yeye kujua. Mfumo ulimtaka apakie picha ya ukurasa wa pasipoti, ukaisoma mistari ya chini wenyewe, ukajaza namba, majina na tarehe, kisha ukamwomba athibitishe.

Dada aliandika jina la nchi na neno viza kwenye injini ya utafutaji, akabofya jibu la kwanza. Jibu lile lilikuwa tangazo la kulipiwa. Tovuti ilikuwa na rangi za bendera, picha za vivutio, na alama ya kufuli kwenye anwani. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Akapakia picha ya pasipoti na picha yake, akalipa zaidi sana ya alicholipa mdogo wake, akapokea ujumbe wa kumshukuru na namba ya kumbukumbu. Siku chache baadaye kibali kikaja. Akakifungua kwenye simu, akaona picha yake na jina lake, akafurahi.

Kilichofanyika katikati hakukiona, ila kimeacha alama. Chini ya karatasi yake ya viza, kwenye mawasiliano ya mwombaji, kuna anwani ya barua pepe ambayo si yake. Ni ya kampuni ile. Maana yake ni kwamba mtu aliingia kwenye mfumo rasmi, akafungua akaunti kwa anwani ya kampuni, akajaza fomu kwa niaba yake. Ile picha ya pasipoti aliyoipakia dada ninayo mbele yangu, na sifuri inasomeka vizuri. Kwa hiyo kosa halikutokana na picha mbaya. Mtu aliinakili namba kwa mkono, akabonyeza O.

Sitaki kuwaweka mawakala wote kwenye kapu moja. Zipo kampuni kama VFS Global na TLScontact ambazo serikali zenyewe zimeingia nazo mkataba wa kupokea maombi, na balozi huzitaja kwenye tovuti zao. Wapo pia mawakala wa safari wanaokaa na mteja, wakamwonyesha fomu rasmi kabla haijatumwa. Ninaowasema hapa ni wale wanaosimama katikati huku wakifanana na serikali, na ambao maelezo kwamba wao ni kampuni binafsi wameyaandika kwa maandishi madogo chini kabisa ya ukurasa.

Kuwatambua kunahitaji uangalifu zaidi ya ushauri uliozoeleka. Kufuli kwenye anwani kunaeleza tu kwamba mawasiliano yamefichwa yasisomwe njiani. Hakuelezi tovuti ni ya nani. Mwisho wa anwani unasaidia zaidi: gov.in kwa India, gov.tr kwa Uturuki, go.ke kwa Kenya, gouv.fr kwa Ufaransa. Lakini nao si kigezo kamili. Kanada hutumia canada.ca, isiyo na neno la serikali ndani yake, na mtu yeyote anaweza kusajili anwani yenye "gov" katikati na kuimalizia kwa ".com". Anwani husomwa kuanzia kulia: ukiacha "https://" ya mwanzoni, kipande cha mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, pamoja na kinachokitangulia, ndivyo vinavyoonyesha mwenye tovuti. Njia ninayoiamini ni ile ya mdogo: anza kwenye tovuti ya wizara, ubalozi au idara ya uhamiaji ya nchi unayoiendea, na ufuate kiungo chao wenyewe.

Sifuri na herufi O

Watu wanapoona kosa la alama moja husema ni dogo. Kwa mashine, alama moja ni pasipoti nyingine. Na jambo linaloumiza ni kwamba pasipoti yenyewe imetengenezwa ili kosa hili lisipite.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilitoa viwango vya pasipoti zinazosomwa na mashine kwa mara ya kwanza mwaka 1980, katika waraka namba 9303. Kwa viwango hivyo, mistari miwili ya chini ina alama 44 kila mmoja. Mstari wa pili unaanza na namba ya pasipoti, ambayo imepewa nafasi tisa, na nafasi ya kumi ni tarakimu ya ukaguzi. Si sehemu ya namba yako. Inapatikana kwa kupiga hesabu juu ya zile alama tisa.

Tuchukue pasipoti ya mfano iliyomo kwenye waraka wenyewe. Namba yake ni L898902C3, na tarakimu ya ukaguzi ni 6. Herufi hupewa thamani: A ni 10, B ni 11, hivyohivyo hadi Z ambayo ni 35. Kila alama huzidishwa kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1, hadi mwisho. L ni 21, mara 7 ni 147. Zinazofuata zinatoa 24, 9, 56, 27, 0, 14, 36 na 3. Jumla ni 316. Ukigawa kwa 10 kinabaki 6, na ndiyo tarakimu iliyochapwa. Sasa iweke O pale penye sifuri. O ni 24, na nafasi ile inazidishwa kwa 1, kwa hiyo jumla inapanda hadi 340. Kinabaki 0. Hesabu imekataa, na mashine inajua papo hapo kwamba imesoma vibaya.

Nimejaribu alama nyingine zinazofanana. I na 1 hesabu inazitenganisha, B na 8 pia, S na 5 pia, Z na 2 pia. Inayopenya ni moja: G na 6. G ni 16, tofauti yake na 6 ni 10 kamili, na kumi ukiizidisha kwa chochote kati ya 7, 3 na 1 bado inagawanyika kwa 10. Kwa hiyo mwenye pasipoti yenye G au 6 asitegemee mashine peke yake. Aangalie kwa macho.

Kinga hii inafanya kazi pale tu mashine inaposoma mistari ile, au pale fomu inapokuomba uandike na tarakimu ya ukaguzi. Fomu nyingi zinataka namba tu. Mtu anapoandika kwa mkono, kinga yote inabaki kwenye pasipoti. Mdogo alilindwa nayo, dada hakulindwa.

Inasaidia pia kujua namba za nchi yako zinavyopangwa. Pasipoti za Uingereza zina tarakimu tisa bila herufi. Za India zina herufi moja ikifuatiwa na tarakimu saba. Ujerumani wameondoa kabisa irabu na baadhi ya herufi zinazochanganya, kwa hiyo duara kwenye namba ya pasipoti ya Kijerumani haliwezi kuwa O. Ukijua mpangilio wa namba yako, unajua wapi herufi inaweza kukaa na wapi haiwezi. Mpangilio wa pasipoti ya dada ni herufi mbili mwanzoni, halafu tarakimu tupu. O kwenye nafasi ya tatu haikuwa na njia ya kuwa sahihi, na angeitambua mara moja kama angeitazama.

Maswali aliyojibiwa

Hapa ndipo ninapoona tatizo kubwa la kisa hiki, kubwa kuliko ile O.

Nilipoweka fomu mbili upande kwa upande, ile rasmi aliyoijaza mdogo na ile fupi aliyoijaza dada, niligundua kwamba dada hakuulizwa mambo mengi. Fomu rasmi inauliza kazi ya mwombaji, majina ya wazazi, nchi alizotembelea, kama amewahi kunyimwa viza popote, kama amewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, kama amewahi kukaa mahali kupita muda alioruhusiwa. Mwisho wake kuna tamko: nathibitisha kwamba yote niliyoeleza ni kweli. Fomu ya kampuni haikuwa na hata nusu ya hayo. Lakini mfumo rasmi hauruhusu kuyaruka. Kwa hiyo mtu asiyemfahamu aliyajibu kwa niaba yake, na akatia alama kwenye tamko kwa jina lake.

Dada hakuwa na lolote la kuficha, na majibu ya "hapana" huenda yalilingana na ukweli. Je, angekuwa amewahi kunyimwa viza miaka iliyopita? Jibu la uongo lingekuwa kwenye kumbukumbu kwa jina lake, na adhabu yake si ndogo. Kwa kanuni za Uingereza, kutumia udanganyifu katika ombi kunaweza kumfungia mtu milango kwa miaka 10. Kwa sheria ya Marekani, kupotosha ukweli kwa makusudi ili upate viza kunakufanya usikubalike kuingia maisha yako yote, isipokuwa upewe msamaha maalumu. Mwombaji atajitetea kwamba hakujaza yeye, na itambidi athibitishe hivyo.

Kwa mtazamo wangu, swali la kwanza la kujiuliza kabla ya kulipa popote ni hili: baada ya kutuma, nani ataweza kuingia kwenye ombi hili? Kama akaunti ni yako, barua pepe ni yako na nywila ni yako, kosa lolote linaweza kufuatiliwa. Dada alikuwa na namba ya kumbukumbu mkononi, lakini ilikuwa namba ya oda ya kampuni. Alipoiingiza kwenye mfumo rasmi ili aangalie ombi lake, jibu likawa kwamba hakuna ombi la namna hiyo.

Muda uliokuwepo

Kibali cha dada kilikaa kwenye barua pepe yake zaidi ya wiki mbili kabla ya safari. Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi, maana muda wa kurekebisha ulikuwepo wote. Siku kibali kilipofika, angeweza kuomba upya na kupata kingine akiwa nyumbani.

Watu huchukulia kibali kuwa mwisho wa kazi. Wanatazama picha na jina, wanakihifadhi, wanachapa nakala asubuhi ya safari. Kinachopaswa kusomwa kwanza ni namba ya pasipoti, tena kwa kulinganisha na mistari ya chini, si na ile iliyochapwa juu. Njia nzuri ni ile aliyoitumia mhudumu: mmoja anasoma kwa sauti alama moja moja, mwingine anafuatisha kwa kidole. Kisha tarehe ya kuzaliwa, hasa ikiwa siku yako ni 12 au chini ya hapo. Marekani huanza na mwezi, sehemu nyingi za dunia huanza na siku, na mtu aliyezaliwa tarehe 4 Julai anaweza kugeuzwa wa tarehe 7 Aprili bila mfumo kushtuka. Mwenye jina moja tu kwenye pasipoti aangalie limewekwa wapi, kwa kuwa viwango vya ICAO huliweka kwenye sehemu ya jina la ukoo, ilhali fomu nyingi hazikubali sehemu ya pili ibaki wazi.

Na aangalie siku. Muda wa kibali na muda wa kukaa ni vitu viwili: kibali kinaweza kuwa hai kwa miezi mingi na bado kikakuruhusu kukaa siku 30 tu. Kuna vibali vya kuingia mara moja, ambapo ukivuka mpaka kwenda nchi jirani kwa siku moja huwezi kurudi. Viza ya mtandaoni ya India inakubalika kwenye vituo vya kuingilia vilivyotajwa tu. Na pasipoti yenyewe iwe na uhai wa kutosha. Nchi nyingi zinataka miezi sita mbele; nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, zinataka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao, na pasipoti isiwe imetolewa zaidi ya miaka 10 nyuma. Haya yote mdogo aliyapitia akiwa anajaza, kwa sababu fomu ndefu ilimlazimisha. Ile iliyomchosha ndiyo iliyomfundisha.

Kurekebisha

Ile saa ya kubishana kaunta ilikuwa na kazi yake. Mfumo wa nchi ile hutoa baadhi ya vibali ndani ya saa chache, na ndege ilikuwa bado haijafunga. Haina maana kwamba angewahi, lakini alikuwa na simu, kadi na pasipoti mkononi, na angeweza kuanza ombi jipya akiwa amesimama palepale.

Kwanza alijaribu kusahihisha lile la zamani. Haikuwezekana, na kwa mifumo mingi haiwezekani. Chukua ESTA ya Marekani, kibali cha mtandaoni ambacho kilianza kuwa lazima tarehe 12 Januari 2009 kwa wasafiri wa nchi ambazo raia wake hawahitaji viza ya Marekani. Baada ya kulipa unaweza kubadilisha mambo kama barua pepe na anwani ya unakofikia, lakini namba ya pasipoti ikikosewa unaomba upya na kulipa upya. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Kibali kimefungwa kwenye namba, na namba ikibadilika kibali kinakuwa kingine.

Ndugu walikubaliana mdogo atangulie, apokee chumba cha hoteli kisije kikauzwa kwa mwingine. Dada alirudi nyumbani na jioni ile akaomba kwenye tovuti rasmi, kwa barua pepe yake, mfumo ukiisoma pasipoti wenyewe.

Fomu ikamuuliza: umewahi kuomba viza ya nchi hii? Akanipigia simu hapo. Kishawishi cha kujibu hapana kilikuwa kikubwa, maana lile la kwanza lilikuwa na namba isiyo yake, na mfumo usingeliunganisha na pasipoti hii. Nilimwambia ajibu ndiyo. Aliomba kweli, na alikubaliwa kweli. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika sentensi mbili: kwamba ombi la awali lilitumwa kupitia kampuni, na kwamba namba ya pasipoti iliandikwa O badala ya sifuri kwenye nafasi ya tatu. Akataja namba ya kibali iliyo kwenye karatasi. Afisa akikutana na majina mawili yanayofanana, tarehe moja ya kuzaliwa na namba mbili za pasipoti, ana haki ya kushuku. Maelezo yakiwa tayari yameandikwa na mwombaji mwenyewe, anamalizana nayo.

Kibali cha pili kikatoka. Walisomeana namba na mdogo wake kwa simu, alama kwa alama, kabla hajanunua tiketi nyingine. Safari ikawa pungufu ya siku tatu.

Upande wa fedha haukwenda vizuri. Ada ya serikali hairudishwi, kosa liwe la nani. Kampuni ilijibu baada ya siku kadhaa kwamba huduma ilitolewa na kibali kilipatikana, na ikamwonyesha kifungu alichokikubali kinachosema mteja ana wajibu wa kuhakiki hati atakapoipokea. Alipinga malipo kupitia benki. Benki ikakataa kwa sababu ileile. Sioni kama ni haki. Aliyepewa picha safi ya pasipoti na kulipwa ili ajaze fomu ndiye aliyekosea kujaza. Lakini kifungu kilikuwepo, na alikuwa amekibofya.

Alipomaliza safari alibaki na jambo moja ambalo wengi hulisahau. Kibali cha kwanza kilikuwa bado hai kwenye mfumo, kwa jina lake na namba isiyo yake, ndani ya akaunti ya kampuni asiyoijua. Aliwaandikia Uhamiaji wa nchi ile kwa anwani iliyopo kwenye tovuti yao rasmi, akaambatanisha nakala za vibali vyote viwili na ukurasa wa pasipoti, akaomba kile cha kwanza kifutwe. Walimjibu kwamba kimefutwa. Jibu hilo amelihifadhi pamoja na pasipoti, na akiulizwa tena kwenye fomu yoyote ameomba mara ngapi, ataandika mbili.